Hagar Dhidi ya Kupe: Kazi ya Maji na Gundi

Kiangazi kikikaza, wafugaji wa Hulugho, katika kaunti ya Garissa, huwasogeza ng'ombe kuelekea msitu wa Boni. Huko kuna majani, na kuna kupe. Katika nyika ya Kaskazini Mashariki mfugaji aliye mbali na josho ana dawa ya zamani: hagar, utomvu wa mti ambao wataalamu wa mimea huuita Commiphora holtziana. Ni ndugu wa mti wa manemane, ile ambayo Wasomali huiita malmal.

Utomvu hutoka kwenye nyufa za gome. Ukishakauka huokotwa, husagwa, hukorogwa na maji, kisha mnyama hupakwa. Njia yenyewe yaonekana nyepesi mno, kumbe imebeba kemia ya kupendeza. Tomvu za jamii hii zina sehemu tatu: gundi inayoyeyuka majini, ulimbo unaoyakataa maji, na mafuta mepesi yenye harufu. Ukikoroga, gundi huyeyuka, ikayashika mafuta na ulimbo katika matone madogo sana, na maji yakawa meupe kama maziwa. Bila gundi hiyo mafuta yangeelea juu, na upande mmoja wa ng'ombe ungepata dawa, mwingine maji matupu.

Mwaka 2008 watafiti wa Ulaya walichapisha jaribio lao kuhusu hagar. Waliikamua kwa kiyeyusho kiitwacho heksani, wakaona kupe wa ng'ombe wanaepuka palipopakwa kwa muda wa hadi saa 5. Miongoni mwa viambato walivyovitaja ni jamakrini-D.

Hapa tuwe waangalifu. Heksani huchukua mafuta na kuiacha gundi, kwa hiyo saa hizo 5 si kipimo cha mchanganyiko wa mfugaji. Tena kufukuza si kuua: kupe aliyekwisha kung'ata lazima ang'olewe.

Kosa baya zaidi ni kuchanganya hagar na malmal gunia moja. Malmal ina kazi yake. Mwaka 1996 jarida la Nature lilieleza viambato vyake vinavyopunguza maumivu kwa panya. Zote mbili ni tomvu za kahawia, lakini harufu hutofautiana, na mwokotaji mzoefu huzitambua kwa pua.

Ombi langu kwa watafiti wanaokuja Garissa: pimeni hagar iliyokorogwa kwa maji, juu ya ng'ombe, malishoni, mkiongozwa na waokotaji wenyewe.