Upande Usionukuliwa: Gitaa katika Uhakiki wa Nyimbo za Dansi, kwa Kuanzia Karatu na Ngorongoro

Tasnifu za Kiswahili zinazochunguza nyimbo za muziki wa dansi kwa kawaida hufuata njia moja. Wimbo husikilizwa, maneno yake hunukuliwa na kupangwa katika beti, matini huwekwa kwenye kiambatisho, kisha huchambuliwa kwa kuangalia dhamira, tamathali za semi, takriri na uteuzi wa msamiati. Njia hiyo imezaa kazi zenye manufaa, hasa juu ya watunzi waliotumia methali na mafumbo. Hata hivyo, ina dosari ya msingi: huchukua nusu ya kazi ya sanaa na kuihakiki kana kwamba ni kazi nzima. Wimbo wa dansi wa miaka ya 1970 mara nyingi una sehemu mbili. Ya kwanza hubeba kisa na beti. Katika ya pili, ambayo wanamuziki huiita chemko, mwendo huongezeka, maneno hupungua hadi kubaki vibwagizo na miito, na magitaa ndiyo yanayosema. Kwenye kiambatisho sehemu hiyo huwa mistari miwili mitatu, au haionekani kabisa.

Upungufu huo hudhihirika zaidi uchunguzi unapoanzia Karatu na Ngorongoro badala ya Dar es Salaam. Wilaya hizi mbili za Mkoa wa Arusha hazikujengewa jina na bendi; sanaa za jadi zinazofahamika zaidi kwa watafiti huko ni sanaa za sauti. Katika uimbaji wa Wamaasai, kiongozi aitwaye olaranyani hutoa mstari, na wenzake hushikilia chini yake sauti nzito za koo zinazojirudia bila kukatika. Miongoni mwa Wairaqw, slufay ni dua ndefu ya kishairi ambayo msemaji huitamka na wasikilizaji huiitikia. Nyuzi hazikosekani, kwani Wahadzabe wa upande wa Ziwa Eyasi wana zeze, lakini uzito wa jumla uko kwenye koo na kwenye itikio. Mtafiti wa nyimbo za Wamaasai hawezi kunukuu maneno ya olaranyani peke yake na kudai kwamba ameuleta wimbo. Mkaguzi yeyote angemrudisha uwandani. Kwa wimbo wa dansi, kosa hilohilo hupita bila kuulizwa.

Ulinganishi huu ni wa kazi, si wa asili. Gitaa la dansi halikuzaliwa katika nyanda za Ngorongoro. Mizizi yake iko katika santuri za rumba ya Kuba na katika ufundi wa wanamuziki wa Kongo. Kinachofanana ni mgawanyo wa majukumu. Gitaa la ridhimu hurudia mchoro mfupi wimbo mzima, kama waitikiaji wanavyoushikilia wimbo. Gitaa la besi hutoa uzito wa chini na kuacha nafasi. Gitaa la solo hutoka mbele, hujibizana na mwimbaji, kisha hupokea uongozi wake neno linapokoma. Anayekata ridhimu katika uchambuzi amekata itikio.

Mfano wa karibu zaidi na wilaya hizi unapita makao makuu ya mkoa. Ndugu Wilson na George Kinyonga walipigia Jamhuri Jazz ya Tanga kabla ya kuhamia Arusha mwaka 1970 na kuunda Arusha Jazz. Mwaka 1971 walivuka mpaka kwenda Nairobi, na huko bendi yao ikajulikana kwa jina la Simba Wanyika. (Jina hilo lingeweza kumpotosha msomaji akadhani ni la watalii. Nyimbo zao zilihusu mapenzi, ndoa na maisha ya mjini.) Safari hiyo ina maelezo ya kiuchumi. Redio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi kwa ajili ya matangazo, ilhali viwanda na kampuni za santuri vilikuwa Nairobi. Aliyetaka wimbo wake uuzwe mkononi mwa msikilizaji alilazimika kuelekea kaskazini, yeye mwenyewe au kanda yake.

Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki waliondoka Simba Wanyika na kuunda Les Wanyika. Miongoni mwao walikuwamo Omar Shabani, mpiga ridhimu, na Tommy Malanga, mpiga besi. John Ngereza alijiunga nao kwenye solo na uimbaji. Wimbo wao "Sina Makosa" unafaa kupima hoja hii, kwa kuwa maneno yake ni machache na yanaeleweka na kila mtu. Nafsineni anamjibu mwanamume mwenye hasira. Anasema hajakosa. Anakumbusha kwamba mwanamke wanayemgombea si wa yeyote kati yao, na kwamba kila mmoja ana wake nyumbani.

Uhakiki wa maneno matupu utafikia dhamira ya wivu, au ya usuluhishi, na kuishia hapo. Ukisikilizwa pamoja na magitaa, wimbo huwa mgumu zaidi. Hakuna ala inayokasirika. Ridhimu ya Shabani inazunguka kwa upole uleule tangu mwanzo, nyepesi na safi, na besi ya Malanga inatembea kwa hatua zenye mapengo, kama mtu asiye na haraka. Ugomvi umo katika maneno tu. Utulivu huo unaweza kusomwa kama ushahidi wa mtu asiye na hatia. Unaweza pia kusomwa kinyume: huyu ni mume wa mtu anayezungumzia mwanamke wa tatu bila sauti kumtetemeka, na starehe ya magitaa inamfanya msikilizaji acheze upande wake kabla hajampima. Usomaji wa pili una nguvu zaidi, kwa sababu unaeleza jambo ambalo maneno hayawezi kulieleza, yaani kwa nini utetezi dhaifu kiasi hicho unashawishi.

Zipo pingamizi kwamba ala haina maana bali ni pambo. Desturi ya wanamuziki wenyewe inapinga dai hilo. Bendi zilijitambulisha kwa mtindo, na DDC Mlimani Park ilichukua jina la Sikinde kutoka ngoma ya Wazaramo. Kilichorithiwa hapo ni mapigo, na magitaa ndiyo yaliyoyabeba.

Suala hili linagusa pia maisha ya wapigaji. Mbaraka Mwinshehe, aliyetoka Morogoro Jazz na kuunda Super Volcano mwaka 1973, alikuwa mtunzi, mwimbaji na mpiga solo kwa wakati mmoja. Tangu afariki katika ajali ya gari nchini Kenya mwaka 1979, uhakiki umempokea kwa urahisi kupitia beti zake. Omar Shabani hakuacha mlango wa aina hiyo. Katika matini iliyonukuliwa hayupo, ingawa wimbo hauwezi kutambulika bila vidole vyake. Hali ya Tanzania iliongeza uzito mwingine: bendi nyingi zilimilikiwa na vyama, majeshi na mashirika, na vyombo vilikuwa mali ya mmiliki. Mpiga gitaa aliyehama bendi aliondoka mikono mitupu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999 inamtambua mtumbuizaji sambamba na mtunzi. Tasnifu za fasihi bado zinamtambua mtunzi peke yake.

Marekebisho hayahitaji nota za Kizungu. Mtafiti atakayechunguza kwaya zenye magitaa ya umeme huko Karatu, au wapigaji wanaotumbuiza katika hoteli za njia ya Ngorongoro, anaweza kuongeza safu mbili katika kiambatisho chake. Ya kwanza ioneshe dakika na sekunde ambazo kila gitaa linaingia, linabadili mchoro au linanyamaza. Ya pili iandike jina la anayelipiga, na nani anamiliki chombo alichoshika.