Jitu Lisilo na Tumbo

Muulize yeyote aliyefanya KCSE wakati mkusanyiko huu ukitahiniwa, hadithi ya "Tumbo Lisiloshiba" inahusu nini. Atakujibu kabla hujamaliza swali: ulafi, ufisadi, unyakuzi wa ardhi, matabaka. Yote ni sahihi na alama angepata. Ila kuna swali ambalo karatasi ya fasihi haikutuuliza, na ndilo limenirudisha kwa hadithi hii ya Said A. Mohamed, iliyoupa jina mkusanyiko uliohaririwa na Alifa Chokocho na Dumu Kayanda mwaka wa 2016. Je, tungelitambua lile jitu kama lingekuja bila tumbo?

Wacha nikumbushe kidogo. Madongoporomoka ni mtaa wa wanyonge, uko pembeni mwa jiji linalozidi kujitanua. Fununu zimeenea kwamba wakubwa wanaitaka ardhi yao, na Mzee Mago anawahimiza wenzake wasikubali. Siku moja jitu la miraba minne linaingia mkahawani na kuagiza chakula. Linakula, linaletewa kingine, linakula, mpaka linamaliza kila kilichopikwa huku watu wameduwaa. Linaondoka na ahadi ya kurudi. Kinachofuata ni mabuldoza.

Picha hii inanasa kwa sababu sisi Wakenya tayari tunasema hivyo. Mtu anakula hongo, anakula pesa za umma, na kila uchaguzi kuna jamii inayohesabu kama zamu yake ya kula imefika. Said A. Mohamed amechukua kitenzi tunachokitumia ovyo kila siku, akakipa mwili, akakiketisha mezani. Hata jina la mtaa limefanyiwa kazi. Kuporomoka ni kitenzi kisicho na mtendaji: dongo linaporomoka lenyewe, mvua ikinyesha. Ukitaka mtendaji lazima useme kuporomosha. Jina linatwambia mtaa unajiangukia, hadithi inatuonyesha kuna mkono unaouangusha. Mimi naona hapo ndipo ufundi wake mkubwa ulipo.

Sasa isome hadithi hiyo ukiwa Kibera. Asubuhi ya tarehe 23 Julai 2018 mabuldoza yaliingia kufungua njia ya barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata Road. Nyumba, shule na maduka yakaenda chini. Makadirio yaliyotangazwa wakati huo yalifika watu 30,000. Mazungumzo kuhusu wale waliokuwa njiani yalikuwa hayajakamilika. Kwa wengi wetu ilikuwa kama kitabu kimetoka darasani kikatembea. Mabuldoza yapo, polisi wapo, Madongoporomoka ipo.

Lakini jitu liko wapi? Manze, hapo ndipo mfano unaanza kuyumba. Barabara haina kitambi. Ilichorwa na wahandisi, ikapitishwa na ofisi za serikali, ikalipiwa na kodi zetu, na leo inatumiwa na matatu, ambulensi, watu wa boda na mimi. Nikiwa nimechelewa huwa nafurahi ikiwa wazi. Hadithi ilinifundisha kumsaka mlafi mmoja, nimchukie, kisha nilale salama. Ukinipa barabara badala ya mlafi, sijui nimchukie nani.

Mwanafalsafa mmoja Mmarekani aliliona tatizo hili. Iris Marion Young, mwanafeministi aliyefariki 2006, aliacha kitabu *Responsibility for Justice* kilichotoka 2011. Ndani yake kuna mama mmoja wa kubuni, Sandy, anayelea watoto wawili peke yake. Jengo analopanga linanunuliwa na mtu anayetaka kulibadilisha liwe la nyumba za kuuza. Sandy anatafuta nyumba nyingine. Zilizo karibu na kazi ni ghali, za mbali zinamlazimu kununua gari, na akipata inayofaa anadaiwa kodi ya miezi mitatu kabla ya kuingia. Hana. Anakaribia kulala nje, na njia nzima hakuna aliyevunja sheria, hakuna aliyemtukana. Young anasema huu pia ni udhulumu, ila umefumwa na watu wengi, kila mmoja akifanya shughuli zake za kawaida.

Ukitaka kumwona Sandy akiongea Kiswahili, toka Kibera uende Kawangware. Mitaa hii miwili hutajwa pamoja kana kwamba ni kitu kimoja, lakini ardhi yake ina historia tofauti. Sehemu kubwa ya Kibera ni ardhi ya serikali. Kawangware, ploti nyingi zina wenyewe. Kwa hivyo huko mara nyingi huhitaji buldoza. Mwenye ploti anaamua kung'oa mabati ainue ghorofa. Anatoa notisi. Mama fua anayetembea kwa miguu kwenda Lavington kila asubuhi anaambiwa atafute kwingine, na kwingine maana yake ni mbali, na mbali maana yake ni fare ambayo itameza nusu ya alichofulia. Si ati mwenye ploti ni jitu. Pengine alizaliwa hapo hapo, ana mkopo benki na mtoto anayesoma. Fundi wa ghorofa ni jirani. Wapangaji wapya ni wasee kama mimi na wewe, tunaotafuta bedsita yenye maji.

Ina maana hadithi imepitwa? La. Naogopa pia kinachoweza kutokea Young akisomwa haraka Nairobi. Hapa kwetu "sote tunahusika" ni maneno matamu sana midomoni mwa mtu aliyetia sahihi. Ukisema kosa ni la mfumo, mfumo hauitwi kortini. Young mwenyewe alilijua hilo. Hakufuta lawama, aliiweka kando ya wajibu wa aina nyingine: wa wale wasio na hatia lakini shughuli zao zinasaidia dhuluma kuendelea. Lawama inatazama nyuma na inamtafuta mtu. Wajibu huu wa pili unatazama mbele, na hautimizwi na mtu mmoja. Kibera inadai yote mawili. Nani aliamua mashine ziingie kabla watu hawajapata pa kwenda? Na sisi tunaopita juu ya lami, tutauliza nini barabara nyingine ikichorwa?

Kuna jambo lingine ambalo kumkodolea jitu macho kunatufanya tusilione. Chakula kilipikwa na nani? Tumezoea kumjadili mlaji, ukubwa wake na tamaa yake, na jasho la jikoni linapita bila swali. Young, katika insha yake kuhusu nyumba na makao, alikataa kuyaona makao kama gereza la mwanamke tu. Alisema pia kuna kazi ya kutunza, ya kuvipa vitu na watu maana siku baada ya siku. Mitaani mwetu kazi hiyo ina biashara ndani yake. Chumba cha mama wa mandazi ni nyumba, jiko, duka na benki ya madeni madogo madogo. Kibandaski kikivunjwa, mabati yanaweza kuhesabiwa. Wateja wa miaka kumi wanaokula leo na kulipa Jumamosi hawahesabiki. Fidia inayolipa kuta pekee imemsoma mwanamke huyu vibaya, kama vile sisi tulivyosoma karamu tukasahau mpishi.

Ndiyo maana nikirudi kwa hadithi sasa simwangalii jitu kwanza. Namwangalia Mzee Mago. Mtihani ulimwita mtetezi wa haki, tukaandika sifa zake nne na kusonga mbele. Tazama anachokifanya hasa: anawakusanya watu wazungumze kabla tumbo halijafika mlangoni. Anajua peke yake hatoshi. Bila kutaja falsafa yoyote, anaufanya ule wajibu wa pili wa Young, na anaufanya mapema, wakati bado ni fununu. Wasomaji wengi wa hadithi hii sasa tuna kura, tuna kodi ya nyumba na tuna vikundi vya mtaa kwenye simu. Notisi ya kwanza huwa ni karatasi ndogo iliyobandikwa ukutani, haina miraba minne, haina suti, na wengi huipita wakikimbilia matatu.