Pongezi kwa Watunza Picha

Kwa mzee jirani yangu hapa Kitengela, ukutani kuna picha nyeusi na nyeupe: vijana wamejaa ukumbi wa chuo Nairobi, tai nyembamba, suti zimepigwa pasi, wote wakimtazama mhadhiri asiyeonekana. "Huyu wa tatu ni mimi," husema, akigusa kioo kwa kidole.

Chuo kile kilianza kupokea wanafunzi mwaka 1956 kikiitwa Royal Technical College. Mwaka 1963 kiliungana na Makerere na Dar es Salaam katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na 1970 kikawa Chuo Kikuu cha Nairobi. Hayo yamo vitabuni. Lakini daftari lililofunguliwa gotini, kiti kilichoachwa wazi mstari wa mbele, hayo yamo pichani tu.

Ndiyo maana nawapongeza watunza nyaraka. Hushika picha kwa pembeni, alama za vidole zisibaki. Nyuma huandika majina kwa penseli laini, maana wino hupenya karatasi. Vijana wa studio za Kitengela na Kajiado mjini, wanaonakili picha za wazee kabla mchwa hawajazila, nao nawashukuru sana.

Juzi tulikaa na mzee, akakumbuka majina kumi na moja ya wenzake. Tumeyaandika yote.