Jua Linalotoka Kwenye Brashi

Askari wa kimo cha milimita 28 hana kivuli cha maana. Mpake koti jekundu na viatu vyeusi, bila rangi kuvuka mpaka hata mahali pamoja, na bado ataonekana kipande cha plastiki kilichopakwa rangi. Mikunjo ya koti ni midogo mno kwa mwanga wa chumbani. Kwa hiyo mpakaji wa visanamu vya michezo ya vita hana budi kupaka na mwanga wenyewe: ndani ya mkunjo anatia giza, ukingoni anatia weupe, tena kwa kuzidisha kuliko ambavyo jua lingemfanyia mtu mzima.

Waingereza ni wakongwe katika mchezo huu. H. G. Wells alichapisha Little Wars mwaka 1913, kitabu cha kanuni za kupigana vita sakafuni kwa askari wa kuchezea. Siku hizi kitovu chake ni Nottingham, yaliko makao ya Games Workshop, watengenezaji wa Warhammer. Shindano lao la upakaji, Golden Demon, lilianza mwaka 1987, na mshindi wa jumla huondoka na upanga wa kweli.

Kazi huanza na kisu. Kalibu huacha mstari mwembamba pale nusu zake mbili zinapokutana, na mstari huo usipokwanguliwa, kila tabaka la rangi litautangaza. Hufuata praima, yaani rangi ya msingi inayoshikisha nyingine, ndipo rangi ya akriliki huja, iliyozimuliwa kwa maji hadi iwe nyepesi kama maziwa. Mwanafunzi asiye na subira hupaka moja kwa moja kutoka kwenye kichupa na kuziba pua, vifungo na vidole. Fundi hupaka mara mbili au tatu, akingoja kila tabaka likauke. Kisha hupitisha rangi ya maji yenye giza, ambayo hutiririka yenyewe hadi kwenye mabonde, halafu hupanda taratibu kuelekea mwangani.

Brashi nzuri ni za manyoya ya kicheche wa Siberia, na wajuzi wengi hawachagui iliyo ndogo kuliko zote. Brashi ndogo mno hubeba tone dogo mno, nalo hukauka njiani. Kinachotakiwa ni tumbo la kubeba rangi na ncha isiyotawanyika.

Jicho ndilo mtihani. Kwanza hupigwa mstari wa giza kutoka pembe hadi pembe, juu yake weupe usioufunika wote, kisha mboni. Mboni ikiwa nukta inayoelea katikati ya weupe, askari hukodoa macho kana kwamba ameona jini. Kwa hiyo huvutwa mstari mfupi wa wima unaogusa kope za juu na chini. Makosa hurekebishwa kwa rangi ya ngozi, kutoka nje kwenda ndani.

Hata hivyo, mimi hutazama miguu kwanza. Kitako, kibao kidogo anachosimama juu yake, ndicho kinachosema askari yuko wapi. Ufundi wake ni wa vitu duni: gundi nyeupe ya maseremala, mchanga wa chembe kubwa na ndogo, ganda la mti likawa mwamba. Hupakwa kahawia iliyokolea, kisha brashi iliyofutwa karibu ikauke hupitishwa juu juu kwa rangi ya udongo mkavu, ikigusa vilele tu. Nyasi ni nyuzi fupi za nailoni. Kampuni ya visanamu ya Foundry ina rugaruga, wapiganaji wa Unyamwezi, na askari wa karne ya 19, katika mkusanyiko wenye jina la kikoloni lisilopendeza, Darkest Africa. Mpe rugaruga nyasi mbichi za bustani ya Kiingereza, naye atakuwa amepotea njia. Mpe mchanga uliopauka na vichaka vya kiangazi, naye yuko Unyamwezi.

Mwisho ni ukingo wa kitako, na hapo wapakaji hawapatani: wengine huupaka mweusi, wengine rangi ileile ya udongo. Mimi naupenda mweusi, mradi uwe laini. Chembe tatu za mchanga zilizogandia pembeni, kwa kuwa hakuna aliyezifuta gundi ikiwa mbichi, zinatosha kuvuruga kazi ya wiki nzima.