Udongo, Maji na Subira

Fundi wa uwanja wa tenisi wa udongo hatangulizi tepu. Kwanza hutazama maji yatapita wapi. Chukua mfano wa mji wa Same, ulio upande mkavu wa Milima ya Upare. Mvua ni chache, lakini ikinyesha kwa nguvu maji hushuka kutoka milimani kwa kasi. Kwa hiyo fundi hukagua makorongo, michirizi ya mchanga na majani yaliyolala upande mmoja, ajue maji ya msimu uliopita yalifuata njia gani. Elimu hii Wapare wanayo tangu zamani. Ndiva zao, mabwawa yanayojaa usiku na kufunguliwa mchana yamwagilie mashamba kwa mifereji, zimehitaji watu wanaoweza kuona mteremko ambao mgeni angeapa kuwa haupo.

Akisharidhika na mahali, hutafuta mwelekeo. Uwanja hulazwa kaskazini na kusini, ili jua la asubuhi na la jioni lisimchome mchezaji machoni anaporusha mpira wa kuanzia.

Ndipo huja udongo. Anayeujua huuendea kwenye kichuguu, kwa sababu mchwa wamekwisha kuuchambua chembe kwa chembe. Udongo huo umesakafia nyumba nyingi Afrika, na viwanja vya tenisi pia. Fundi huuponda, huuchekecha, kisha hulowesha konzi moja na kuifinyanga iwe donge. Donge huanikwa juani. Likipasuka, mfinyanzi umezidi, na mchanga utaongezwa. Likimomonyoka kwa kidole gumba, mchanga umezidi. Analolitaka ni donge linalokauka zima, gumu, lenye uso laini. Hujaribu tena na tena, wala haoni kuwa anapoteza muda.

Sasa tepu inafunguliwa. Uwanja wa kuchezea una urefu wa mita 23.77 na upana wa mita 10.97 kwa wachezaji wawili wawili. Pamoja na nafasi ya kukimbilia, eneo lote ni mita 36.57 kwa 18.29. Vigingi hupigwa, kamba huvutwa, na pembe husawazishwa kwa tatu, nne, tano, hesabu anayoijua kila mwashi. Fundi makini hapo haishii. Hupima nusu ya uwanja kwa mshazari, kona hadi kona, mara mbili. Vipimo vyote viwili visomeke mita 16.17. Kimoja kikizidi, kigingi hung'olewa na kazi huanza upya.

Chini huenda kokoto, juu yake kifusi, na juu kabisa udongo uliochekechwa. Kila tabaka humwagiwa maji kidogo, huachwa hadi liwe na unyevu usioshika kiatu, ndipo rola ipite. Hapa ndipo kazi inapoharibiwa na haraka: rola ikipita juu ya tope hubeba uso wote, ikipita juu ya vumbi haishindilii kitu. Fundi hukaa kivulini akingoja, huinuka, hugusa kwa kiganja, hurudi kukaa. Mteremko nao ni mmoja tu, upande mmoja, kiasi cha sentimita 10 kwa urefu wote. Mchezaji hausikii mguuni, lakini maji huusikia.

Mwisho mistari huchorwa kwa chokaa, na wavu hufungwa: mita 1.07 kwenye nguzo, sentimita 91.4 katikati. Fundi huzunguka uwanja akiangusha mpira kutoka kimo kilekile, huku akisikiliza. Mdundo mkavu ni ishara njema. Mpira ukitoa sauti nzito na kuinuka kidogo, chini pamelegea. Hapo hutia alama na kupachimba.

Ukishuka kwa barabara hadi Tanga, ufundi ni uleule lakini adui hubadilika. Mchanga wa pwani haushikani, upepo wa kusi hupeperusha vumbi la juu, na hewa ya chumvi hula nguzo na waya wa wavu. Kwa hiyo anayechagua uwanja wa kuchezea pwani akague kutu kwenye waya, aone kama kuna miti au ua wa kukinga upepo, na aulize uwanja humwagiliwa saa ngapi. Hata kwenye viwanja vya mashindano vya Roland-Garros, kule Paris, wekundu ule maarufu ni vumbi la matofali lenye unene wa milimita chache tu, na kabla ya mchezo lazima lilowanishwe na kufagiliwa.

Mimi uwanja mzuri siupimi kwa rangi wala kwa uzio. Nenda baada ya mvua kubwa, uone kama maji yameondoka yote bila kuacha dimbwi. Kisha mtafute anayeumwagilia na kuuvutia rola, umsalimie kwa heshima na umuulize habari za udongo wake. Akiweza kukueleza ulitoka wapi na hukauka kwa muda gani, chezea hapo.