Kipimo Kinachopata Msomaji: Ufuatiliaji wa Dalili Nyumbani kwa Mgonjwa wa Saratani

Sehemu kubwa ya tibakemikali, yaani dawa zinazopitishwa mwilini, mara nyingi kwa njia ya mshipa, ili kuua seli zinazojigawa kwa kasi, hutolewa siku hizi kwa mgonjwa anayefika kliniki asubuhi, akarejea nyumbani jioni na kupangiwa kurudi baada ya wiki mbili au tatu. Kwa sababu hiyo homa, kutapika, kuharisha, ganzi ya vidole na kukosa pumzi humpata akiwa mbali na macho ya daktari, na habari zake huifikia hospitali zikiwa zimechelewa, au zimesahaulika nusu, au zimepunguzwa makali na mgonjwa mwenyewe, ambaye pengine anachelea kuonekana mlalamishi au anaogopa kusimamishiwa dawa. Hata pale anapoketi ana kwa ana na daktari, dalili nyingi haziingii kwenye faili. Tatizo hili ni la kibinadamu, lakini ufumbuzi wake una upande wa kiufundi unaostahili kuchambuliwa, kwani linalotakiwa ni kuigeuza hali inayohisiwa na mtu mmoja kuwa kipimo kinachoweza kulinganishwa na cha wiki iliyopita, na kumfanya mtu mwingine achukue hatua mapema.

Jaribio linalotajwa zaidi katika uwanja huu lilifanyika New York, katika hospitali ya saratani ya Memorial Sloan Kettering, ambako daktari Ethan Basch na wenzake waliandikisha wagonjwa 766 kati ya Septemba 2007 na Januari 2011. Wote walikuwa wakipata tibakemikali kwa saratani iliyokwishasambaa, ama ya titi, ya mapafu, ya njia ya mkojo au ya viungo vya uzazi. Waligawanywa kwa bahati nasibu, utaratibu unaohakikisha kwamba hakuna anayechagua nani aingie kundi gani, hivyo tofauti itakayoonekana mwishoni iweze kuhusishwa na huduma yenyewe na si na hali ya mwanzo ya wagonjwa. Wagonjwa 441 walipewa mfumo wa kompyuta wa kueleza dalili zao, na 325 waliendelea na utaratibu wa kawaida, ambao ni kusubiri siku ya kliniki au kupiga simu wanapozidiwa.

Mfumo ule ulikuwa mwepesi kuliko mtu anavyoweza kudhani. Ulihusu dalili kumi na mbili tu, zile zinazowapata wengi, zikiwemo maumivu, uchovu, kukosa hamu ya kula, kichefuchefu, kutapika, kufunga choo, kuharisha, kikohozi na kupumua kwa shida. Kila dalili ilipewa daraja kuanzia sifuri, maana yake haipo kabisa, hadi nne, maana yake inamlemaza mtu. Wagonjwa waliozoea kompyuta waliweza kujibu wakiwa nyumbani na walikumbushwa kwa barua pepe kila wiki, ilhali wasiozoea walijibu kwa vishikwambi au kompyuta zilizowekwa kliniki siku walizofika. Hapakuwa na kipimo cha damu wala kifaa cha kuvaa mkononi, bali maneno ya mgonjwa yaliyopangwa kwa namna ambayo yangeweza kuhesabiwa.

Kiini cha usanifu wake kilikuwa kanuni moja ya tahadhari. Dalili ikipanda kwa madaraja mawili au zaidi tangu jibu lililotangulia, au ikifika daraja la tatu bila kujali ilikotoka, kompyuta ilimpelekea muuguzi barua pepe papo hapo, na daktari alipewa karatasi yenye mwenendo wa dalili zote siku ya miadi. Mgonjwa ambaye wiki iliyopita hakuwa akiharisha, na leo amejibu kwamba anaharisha kwa daraja la pili, hajafika pabaya kwa kipimo cha jumla, lakini kwa mujibu wa kanuni hii jina lake linamfikia muuguzi, kwa sababu kinachotazamwa si ukubwa wa dalili peke yake bali pia kasi ya kubadilika kwake. Sharti la kwanza linamnasa anayeporomoka haraka, na la pili linamnasa aliyedhoofika polepole hadi akazoea mateso, kundi ambalo ndilo husahaulika zaidi katika kliniki yenye foleni ndefu.

Matokeo yaliyochapishwa 2016 yalionyesha kwamba, baada ya miezi sita, ubora wa maisha ulipanda kwa asilimia 34 ya waliotumia mfumo, ukilinganisha na asilimia 18 ya wale wa utaratibu wa kawaida. Waliofika idara ya dharura ndani ya mwaka mmoja walikuwa asilimia 34 dhidi ya 41, na muda wa kuendelea kuvumilia tibakemikali ulikuwa wastani wa miezi 8.2 dhidi ya 6.3. Mwaka uliofuata, katika mkutano wa madaktari wa saratani mjini Chicago, Basch alitangaza takwimu iliyowashangaza wengi: wastani wa kati wa kuishi, yaani muda ambao nusu ya wagonjwa waliupita, ulikuwa miezi 31.2 kwa waliofuatiliwa na miezi 26.0 kwa wengine. Tofauti ya miezi mitano katika saratani iliyosambaa ni kubwa, na zipo dawa za gharama kubwa zilizoidhinishwa kwa kuleta chini ya hapo. Jambo linalopaswa kutiliwa mkazo, hasa kwa wanaodhani kwamba teknolojia ya namna hii ni ya waliosoma, ni kwamba waliofaidika zaidi walikuwa wale wasiokuwa na mazoea ya kompyuta.

Maelezo ya faida hiyo hayapatikani ndani ya kompyuta. Wauguzi waliopokea tahadhari walichukua hatua bayana katika asilimia 77 ya matukio: walimpigia mgonjwa simu na kumshauri, wakamwandikishia dawa ya kutuliza, wakaomba kipimo cha dawa ya saratani kirekebishwe, au wakampeleka kwa mtaalamu mwingine. Hawakuwa wamepewa mwongozo maalumu wa nini cha kufanya, bali walitumia ujuzi wao wa kawaida wa uuguzi, ambao hapo awali ulikosa tu habari za kuufanyia kazi. Mgonjwa asiyetapika anakula, anayekula anabaki na nguvu, na mwenye nguvu anaweza kuendelea na dawa inayoudhibiti ugonjwa. Hiyo ndiyo njia inayoelekea kuueleza urefu wa maisha ulioonekana. Uaminifu unadai kuongeza kwamba jaribio la baadaye la Marekani lililohusisha kliniki 52 na wagonjwa 1,191, ambamo kliniki zenyewe ndizo zilizogawanywa kwa bahati nasibu, lilithibitisha nafuu ya dalili na ya uwezo wa kufanya shughuli, lakini halikuonyesha tofauti ya urefu wa maisha. Faida ya kupunguza mateso ndiyo iliyojirudia, nayo yatosha kuuhalalisha utaratibu huu hata bila ile nyingine.

Kanuni iliyofanya kazi New York inatumika pia kwa vipimo ambavyo mgonjwa huvichukua mwenyewe, na hakuna kinachoidhihirisha kuliko kipimajoto. Chembe nyeupe za damu aina ya neutrofili, ambazo ni askari wa kwanza dhidi ya bakteria, hushuka hadi chini kabisa takriban siku ya 7 hadi ya 14 baada ya dozi nyingi za tibakemikali, na zikishuka chini ya 500 kwa kila mikrolita ya damu, maambukizi madogo yanaweza kuua ndani ya saa chache. Kwa kuwa chembe hizo ndizo zinazotengeneza usaha na uvimbe, zinapokosekana kidonda hakivimbi na kifua hakitoi makohozi, na mara nyingi homa hubaki kuwa dalili pekee. Ndiyo maana miongozo mingi ya kitabibu huhesabu nyuzi joto 38.3 zilizopimwa mara moja, au 38.0 zilizodumu kwa saa moja, kuwa ni dharura, hata kama mgonjwa anajiona mzima.

Daftari la kipimo hiki halihitaji kuwa na mengi, lakini kila safu ina sababu yake. Mstari unaosema "Jumanne, siku ya 9 tangu dozi, saa 2 usiku, 38.1, baridi kidogo, paracetamol bado" unampa muuguzi wa zamu kila anachohitaji: namba ya siku inamwambia kwamba chembe nyeupe zimo katika bonde lake la chini, saa inamwezesha kujua kama joto limedumu, na neno la mwisho linamhakikishia kwamba homa haijafichwa na dawa. Kumeza paracetamol kabla ya kupima ni kosa linalofanywa kwa nia njema katika nyumba nyingi, nalo ni la hatari, kwani linaiondoa homa na kuyaacha maambukizi yaendelee kimyakimya.

Uzito unadai subira ya aina nyingine. Wataalamu huchukulia kupungua kwa zaidi ya asilimia 5 ndani ya miezi sita, bila kukusudia, kuwa kigezo cha ule unyong'onyevu wa saratani unaokula misuli, hivyo mtu wa kilo 60 anapaswa kuulizia akipoteza zaidi ya kilo 3. Namba hiyo hupotosha pale maji yanapojaa tumboni au miguuni, kwa kuwa mizani haitofautishi maji na nyama, na mgonjwa anaweza kuonekana ameongezeka ilhali mikono na mashavu yanakwisha.

Baada ya tiba kumalizika, swali hubadilika, kwa maana kinachotafutwa sasa ni dalili ya ugonjwa kurudi, na hapa majaribio mawili yanastahili kusomwa pamoja. Nchini Ufaransa, Fabrice Denis na wenzake waliwafuatilia wagonjwa wa saratani ya mapafu kwa fomu ya dalili iliyojazwa kila wiki kwa intaneti, na katika matokeo ya 2017 wastani wa kati wa kuishi ulikuwa miezi 19 kwa waliojaza fomu na miezi 12 kwa waliofuatiliwa kwa picha za kawaida, jambo lililohusishwa na ukweli kwamba wengi wao ugonjwa uligunduliwa umerudi wakiwa bado na nguvu za kustahimili tiba. Jaribio la pili, lililoongozwa na Gordon Rustin wa Uingereza na kuchapishwa 2010, lilihusu wanawake waliopona kwa muda saratani ya ovari na waliokuwa wakipimwa protini ya damu iitwayo CA-125, ambayo mara nyingi hupanda miezi kadhaa kabla ya dalili kujitokeza. Wanawake 529 ambao protini hiyo ilikuwa imepita mara mbili ya kiwango cha juu cha kawaida waligawanywa, nusu wakaanza tiba mara moja na nusu wakasubiri hadi dalili zitokee. Walioanza mapema walitangulia kupata dawa kwa takriban miezi mitano, lakini waliishi miezi 25.7, na waliosubiri waliishi 27.1, tofauti isiyokuwa na maana kitakwimu, huku ubora wa maisha ukishuka mapema zaidi kwa wale wa kwanza. Kipimo kilikuwa sahihi na kiliuona ugonjwa kweli, ila kwa dawa za wakati ule hapakuwa na hatua ambayo ingekuwa bora kwa kuchukuliwa mapema. Fomu ya dalili, ambayo kimaabara ni kipimo dhaifu, ilishinda kwa sababu iliambatana na tendo lenye manufaa.

Afrika Mashariki haiko nje ya mjadala huu. Kwa wagonjwa wa tiba shufaa, yaani huduma ya kuondoa mateso pale ugonjwa usipoponyeka, kipo chombo kilichoandaliwa barani kwa jina la APCA African POS, chenye maswali kumi, saba ya mgonjwa na matatu ya ndugu anayemuuguza, na majibu yake huanzia sifuri hadi tano ili asiyejua kusoma aweze kujibu kwa mkono, ngumi iliyofumbwa ikiwa sifuri na vidole vyote vikiwa tano. Katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, watafiti walikijaribu kupitia programu ya simu inayowaunganisha wagonjwa walioruhusiwa kurudi makwao na wataalamu wa taasisi hiyo, na ripoti yao ilichapishwa 2021. Ugumu unaobaki hauko kwenye swali wala kwenye simu, bali kwenye idadi ya wauguzi waliopangiwa muda wa kusoma majibu, kazi ambayo isipoandikwa kwenye ratiba ya zamu haifanywi na mtu.

Kwa hiyo mgonjwa anayeanza tibakemikali, au ndugu aliyemsindikiza, aombe kabla ya kuondoka kliniki siku ya kwanza aandikiwe mambo matatu kwenye jalada la daftari lake: kiwango cha joto kinachomtaka aje bila kusubiri asubuhi, kiasi cha uzito kinachomtaka apige simu, na namba ya simu ambayo mtu huipokea saa nane za usiku. Na uongozi wa kliniki isiyokuwa na namba ya tatu uanze kwa kuipata hiyo, kabla ya kununua programu yoyote.