Hisia na Uenezi wa Visakale: Mifano kutoka Homa Bay na Migori

Watahiniwa wengi wakiulizwa kuhusu kisakale cha Simbi Nyaima (wapo wanaokiita usuli, kwa kuwa kinaeleza asili ya ziwa) hukimbilia funzo: ukarimu ni jambo jema. Si kosa. Hata hivyo, jibu hilo halielezi kwa nini masimulizi ya ziwa hilo dogo la volkeno karibu na Kendu Bay yamedumu vizazi na vizazi.

Ajuza anafika penye sherehe, anaomba chakula, anafukuzwa. Mwanamke mmoja tu ndiye anayemhurumia, naye anaonywa aondoke. Mvua inanyesha, kijiji kinazama. Fanani mmoja huongeza hili, mwingine hupunguza lile, lakini hakuna anayeacha tukio la kufukuzwa. Nani katika hadhira hajawahi kumfungia mgeni mlango? Aibu hiyo ndiyo inayokishikilia kisa. Gharika ni adhabu ambayo msikilizaji anahisi angestahili yeye.

Vioja vya jajuok, mkimbiaji wa usiku anayesimuliwa hadi katika mabweni ya Migori, Rongo na Awendo, havina funzo lolote. Anarusha mawe juu ya paa, anakwaruza milango, anatoweka. Wanafunzi husimulia wakitetemeka na kucheka papo hapo. Hofu humfanya mtu asikilize. Kicheko humfanya atamani kuwa msimulizi kesho. Nadhani kicheko hicho pia humkinga jajuok, kwani katika masimulizi haya aghalabu huishia kuchekwa tu.

Kicheko kikikosekana, mambo hugeuka. Katika eneo jirani la Kisii, watu 11 waliteketezwa Mei 2008 wakishukiwa kuwa wachawi. Oktoba 2021, huko Marani, wanawake wanne wakongwe waliuawa kwa tuhuma kama hizo. Uvumi wa aina hii hustawi penye ugonjwa au msiba usioelezeka, na aliyefiwa hatafuti kisa, anatafuta mkosaji. Kifani, tofauti ni bayana: uvumi hauna fomyula ya "hapo zamani za kale" ya kuutenga na maisha ya leo. Huanza na "jana usiku" na kutaja boma linalojulikana.

Kwa hivyo mwalimu asianze kwa kuuliza kisa kinafunza nini. Awaulize wanafunzi ni sehemu ipi wasingeweza kuiacha wakimsimulia mwenzao, kisha waitaje hisia iliyowazuia.